Jina Lililosomwa Mara Mbili

Kwetu mwanamke akiolewa huacha jina lake mlangoni. Hakuna anayemnyang'anya, ila hakuna anayelitumia tena. Akifika kwa mumewe huitwa binti wa kule alikotoka, nyar mahali fulani, na hilo ndilo atakaloitwa kisimani, sokoni, kwenye chama cha akina mama na kanisani. Katika kanisa letu dogo la tambarare za Kano, karibu na mahali mto Nyando unapoingia ziwani, tulikuwa na Nyar Nyakach wanne. Alipokuja wa tano tukaona tutachanganyikiwa, tukampa jina la soko la kwao. Tukamwita Nyar Katito, na ndivyo alivyoitwa mpaka akazeeka.

Mimi niliitwa Mwalimu kwa sababu nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu. Nilikuwa pia katibu wa kanisa. Daftari la washirika lilikaa nyumbani kwangu, limefungwa kwa karatasi ya kahawia kama daftari la mtoto wa darasa la nne, na humo nilijua nani amebatizwa, nani amefiwa, nani ana kidonda kisichopona. Wanawake niliwaandika kwa majina tuliyowaita. Nilijivunia daftari lile kupita kiasi. Nilikuwa nikisema kwamba kanisa linajua watu wake na serikali inajua karatasi zake, na watu walicheka, nami nikaizoea ile sifa ya kuchekesha watu.

Msimu ambao ziwa lilipanda, mto nao ukavunja kingo, na maji yakatujia kutoka pande mbili. Nyumba za udongo zililainika kuanzia chini, kisha zikakaa. Sina neno jingine, zilikaa chini kama mtu aliyechoka. Kanisa letu liko juu kidogo, na kuta zake ni za matofali tuliyobeba wenyewe vichwani, kwa hiyo kila aliyepoteza nyumba alikuja pale. Tulisukuma mabenchi ukutani, tukatandika mikeka, na ibada tukahamishia nje chini ya turubai. Wanawake walipika uji asubuhi na nyoyo mchana, mahindi na maharagwe katika sufuria la mazishi, lile kubwa tunaloazimana kila msiba. Kuna mshirika mmoja mwenye duka la samaki ufukweni Dunga aliyetuletea omena, dagaa wa ziwa letu, kwa magunia mpaka yeye mwenyewe akabaki hana cha kuuza.

Nyar Katito alipewa nafasi karibu na mimbari. Alikuwa bibi mdogo wa mwili, mjane, na watoto wake wawili walikuwa wamemtangulia. Kila alfajiri alikunja blanketi lake na kulificha nyuma ya mimbari kabla mtu hajaingia, ili isisemwe kwamba nyumba ya Mungu imegeuzwa chumba cha kulala. Kisha alikaa mlangoni na ungo, akichambua omena, akitoa vijiwe kimoja kimoja. Kiunoni alifunga mfuko wa plastiki wenye kitambulisho chake. Niliuona mfuko ule kila siku na sikuwahi kuuliza kilichoandikwa ndani.

Serikali ilikuja pia, nisiseme haikuja. Naibu wa chifu alifika siku ya pili, suruali imekunjwa magotini, akahesabu watu, akatuambia tuvumilie. Baadaye lori lilileta unga na neti za mbu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaamua. "Serikali hii ikikuona," niliwaambia wale waliokuwa wakimenya mihogo, "ujue kura imekaribia." Mchungaji alilipenda neno lile, akalitumia Jumapili mbili mfululizo.

Sasa niseme na la kwetu, maana nyani haoni kundule. Mwezi wa tatu ulipofika tulikuwa tumechoka. Kulikuwa na harusi iliyosubiri ukumbi. Shemasi mmoja alilalamika kwamba kuta zimeingia moshi, mwingine akauliza kama kweli hao watu hawana ndugu. Sufuria la uji lilianza kuja na uji mwepesi zaidi. Hakuna aliyesema waondoke, lakini mtu mzima hafukuzwi kwa mdomo. Nyar Katito alianza kuamka mapema zaidi, na blanketi likawa linafichwa kukiwa bado giza. Mimi niliona hayo yote na nikaendelea kuisema serikali.

Katikati ya uchovu huo nilikwenda Maseno siku mbili kumpeleka mjukuu wangu chuo kikuu. Niliporudi nikakuta maafisa wa kaunti wamepita, wameandikisha watu wa kujengewa tena, kila mmoja kwa kitambulisho chake mkononi. Waliofika walipewa karatasi ya namba. Kilichoniuma si kazi yao. Iliniuma kwamba walikuwa wameandika watu wangu bila mimi, bila hata kuomba kuona daftari langu. Nilimwambia mchungaji kwamba orodha ile lazima itakuwa na makosa. Nafikiri niliomba iwe na makosa.

Lori la mabati lilikuja wiki chache baadaye na likasimama mbele ya kanisa. Maji yalikuwa yameshuka na watu walikuwa na hamu ya kurudi nyumbani, dala, kama tunavyosema. Afisa aliyekuja na orodha alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu, gambuti zimejaa tope, si wa huku na hajui Kijaluo. Alikuwa na adabu. Ningependa angekuwa jeuri, ingenirahisishia kazi. Aliniomba nisimame karibu naye niwatambue watu, nami nikasimama.

Alikuwa akisoma jina, mtu anaitikia, anaonyesha kitambulisho, anapewa mabati, misumari na mbao. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipofika katikati ya ukurasa akasoma jina la mwanamke ambalo sikulifahamu. Lilikuwa la sehemu tatu, jina la ubatizo, jina la Kijaluo na jina la baba. Akalirudia. Watu walitazamana. Na mimi, ambaye nilikuwa nimesubiri jina la namna hiyo tangu nirudi kutoka Maseno, nikasema, "Onge."

Neno hilo kwetu lina maana zaidi ya moja. Mtu ambaye hajafika ni onge. Kitu ambacho hakipo duniani ni onge. Na mtu aliyekufa, kwa heshima, tunasema hivyo hivyo.

Afisa alimgeukia naibu wa chifu. "Amesemaje?"

"Hayupo," akamtafsiria.

"Hayupo leo, ama hakuna mtu kama huyo?"

Naibu wa chifu aliniangalia, maana kijiji chake ni cha upande ule mwingine, na bibi zetu yeye huwaita mama wote. Nikajibu mwenyewe, kwa Kiswahili safi cha darasani. "Hakuna mtu wa jina hilo katika kanisa hili. Wameandika mtu hewa."

Watu wachache walicheka. Afisa hakucheka. Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina, akaendelea na lililofuata.

Lori lilipokwisha kuondoka, Nyar Katito alinifuata nyuma ya kanisa nilikokuwa nikinawa miguu. Alikuwa ameshika karatasi yake ya namba. "Japuonj," alisema, na hilo ni Mwalimu kwa Kijaluo, "mimi sikupata." Akafungua ule mfuko wa plastiki akanipa kitambulisho. Nikasoma. Lilikuwa lile jina, sehemu zake zote tatu, na juu yake picha ya mwanamke kijana mwenye shingo ndefu ambaye nilikuwa nimepiga magoti kando yake kila Jumapili kwa miaka zaidi ya thelathini.

Ningeweza kusema pale pale. Lori lilikuwa halijafika barabara ya lami, bodaboda angelipata. Nilirudisha kitambulisho mkononi mwake nikamwambia, "Wamekusahau, mama. Ndio serikali hiyo."

Akashukuru, akaenda kuchambua omena.

Jumapili mchungaji alihubiri juu ya mjane. Alisimulia jinsi serikali ilivyopita mbele ya bibi yetu bila kumwona, na jinsi kanisa lisivyomsahau mtu. Watu waliitikia amina kwa sauti, na Nyar Katito, kwa kuwa alikuwa anazungumziwa, aliinamisha kichwa kwa haya. Nilikaa benchi la mbele na daftari langu mapajani. Nimefiwa na mume, nimezika mtoto, lakini aibu ya namna ile sikuwahi kuijua, aibu ya kusifiwa kwa kosa lako mwenyewe. Jumatatu nilipanda gari kwenda Kisumu.

Ofisini sikutukanwa wala sikuzungushwa kama nilivyokuwa nikisimulia watu. Yule afisa alinikumbuka. Alitaka barua ya naibu wa chifu, nakala ya kitambulisho na maelezo ya kwa nini jina lilikatwa. Niliandika, "Makosa ya uandishi." Akasoma, akauliza kwa upole, "Nani aliandika vibaya, Mwalimu? Sisi ama?" Nikachukua karatasi nyingine nikaandika kwamba jina lilikuwa sahihi, mtu alikuwepo, na mimi ndiye niliyesema hayupo. Nikaweka sahihi. Alisema atamrudisha kwenye orodha, lakini mabati ya awamu ya kwanza yalikuwa yameshagawiwa hata ya ziada, kwa hiyo angojee awamu ya pili. Itakuja lini? Hakujua, na hakunidanganya.

Nilirudi nikamwambia Nyar Katito ukweli. Tulikaa kwenye ngazi ya kanisa, ungo katikati yetu. Nilitarajia alie au anilaani, na vyote viwili ningevipokea. Aliendelea kutoa vijiwe.

"Mimi nilisikia hiyo jina," alisema. "Nilisikia vizuri. Siku mingi hakuna mtu ameniita hivyo, tangu mama yangu. Nikashika benchi nisimame. Halafu wewe ukasema onge."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Wewe ndio unajua kitabu." Alinitazama kama mtu anayeeleza jambo la wazi. "Nikasema labda ni mtu ingine. Nikakaa."

Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikitafuta kibaba cha kuyazolea. Nilimwomba aje akae kwangu. Alikataa. Alisema ameshazoea kanisa, na kitu anachotaka ni kimoja tu, kulala dala kwake hata siku moja, asije akafa kwenye nyumba ya watu.

Asiye wa huku huenda asione uzito wa maneno hayo. Mwanamke aliyeolewa akifa, mwili wake hulazwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, katika boma la mumewe, ndipo hutolewa kwenda kaburini. Haulazwi kwa jirani wala kwa mke mwenza. Kama nyumba ilianguka, ijengwe kwanza, hata kama ni ndogo, hata kama hakuna atakayeishi humo. Nyar Katito hakuwa akiomba mabati ya kujikinga mvua. Alikuwa akiomba asionekane mgeni siku yake ya mwisho.

Sakafu ya saruji haina huruma kwa kifua cha mzee. Alianza kukohoa, tukampeleka zahanati, akarudi, akakohoa tena. Nilimwendea naibu wa chifu kila wiki, naye kila wiki alipiga simu Kisumu mbele yangu ili nisikie kwa masikio yangu. Nikaliambia kanisa tumjengee sisi. Walikubali, lakini kila nyumba ilikuwa na ukuta wake wa kusimamisha na shamba la kufufua, na kazi ikasogezwa kutoka Jumamosi hii hadi ile. Alifariki hospitalini, siku ya Jumatatu mchana, mimi nikiwa nimetoka kumtafutia chai.

Naibu wa chifu aliandika barua ya kibali cha mazishi jioni ile ile. Mchungaji akapendekeza mwili ulale kanisani, mahali alipoishi karibu mwaka mzima. Shemeji zake walikataa bila hasira. "Huyu ana boma," alisema mkubwa wao. "Akitoka kanisani watu watasema nini, kwamba tulimpata barabarani?" Mazishi yalipangwa Jumamosi. Na hapo, siwezi kuwanyima haki yao, watu wa kanisa waliamka. Jumanne na Jumatano walifika na miti, kamba na majembe, wanaume wakasimamisha fito na wanawake wakakanda udongo kwa miguu, hata yule shemasi wa moshi alikuwa humo mpaka magotini. Kuta zikasimama kwa siku mbili. Nilimtazama kila mmoja wao nikajiuliza, na mimi nikiwa wa kwanza kuulizwa, kwa nini siku hizo mbili hatukuzipata akiwa hai.

Paa halikuwepo. Nyasi za kuezekea ziliozea majini, na mabati ya zamani hayakupatikana hata kwa kuazima. Walizungumza juu ya turubai. Shemeji mkubwa alitikisa kichwa.

Alhamisi asubuhi lori la awamu ya pili lilifika.

Afisa alikuwa yule yule. Alianza kwa kueleza masharti, kwa sauti ili wote wasikie. Mabati ni ya walio hai. Aliyefariki anaondolewa, na nafasi yake inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha ya akiba. Kisha akaanza kusoma. Nilisimama mahali nilipokuwa nimesimama mara ya kwanza, na nilijua jina hilo liko kwenye karatasi ile kwa sababu mkono wangu ndio uliolirudisha.

Alilisoma lote. Safari hii hakuna aliyetazamana na mwenzake. Watu wa kanisa walikuwa bado hawalijui, hakuna aliyejua ni la nani, isipokuwa mimi na naibu wa chifu, ambaye alikuwa ameliandika Jumatatu kwenye barua ya mazishi. Jibu la kweli lilikuwa moja, na lilikuwa lile lile nililolitoa zamani. Lilinijia mdomoni.

"Entie," nilisema. Kisha kwa Kiswahili, "Yupo."

Afisa aliinua macho. Nafikiri alilikumbuka jina. "Yuko wapi?"

"Yuko njiani, anarudi nyumbani."

Akamgeukia naibu wa chifu. Yule bwana ni mtu wa sheria, na si wa kanisa letu. Alivua kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu kimeandikwa humo, akaivaa tena. "Yupo," alisema. "Mwalimu ataweka sahihi."

Nilichukua kalamu nikaandika jina lake, sehemu zote tatu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliandika kama jina la mtu. Sikuuliza nani anafuata kwenye orodha ya akiba, lakini nilimwona. Alikuwa mzee wa kijiji cha chini, mwenye fimbo, aliyekaa kando mpaka lori likafungwa, kisha akaondoka polepole. Nimemjua jina tangu siku hiyo. Alingoja awamu nyingine, na nyumba yake nilikwenda kukanda udongo mwenyewe, lakini hilo halifuti miezi aliyongoja.

Ijumaa jioni mabati yalipigiliwa, na mwili ukaingia. Usiku walimlilia ndani ya nyumba yake kama inavyotakiwa. Jumamosi mchungaji alisoma jina kutoka kwenye kibali, na kote chini ya turubai vichwa viligeuka. Mwanamke aliyekaa kando yangu, aliyelala mkeka mmoja na marehemu miezi mingi, aliniinamia sikioni. "Mwalimu, huyo ni nani?" Nikamwambia. Akaanza kulia upya.

Daftari nimelifuta nikaandika jingine. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba kuona vitambulisho, na wanawake walinicheka, wakasema Mwalimu amekuwa karani wa kaunti. Sina ugomvi na hilo. Serikali nayo sijaacha kuisema, ila sasa natazama kwanza kama sijasimama mimi kwenye mlango wake.

Kanisani kwetu, kabla ya kushiriki meza ya Bwana, tunatulia kila mtu atubu moyoni. Nimetulia mara nyingi tangu wakati huo. Nilisema maneno mawili juu ya yule mama mbele ya lori. Moja nililisema nikijua ni uongo, na hilo sijalitubu hata leo. Ninalotubu kila mara ni lile la kwanza, nililolisema nikiamini kwa moyo wangu wote kwamba ni kweli.